Picha ya usiku kwenye ukuta wa mchana: uchambuzi wa kisa cha nakala ya akriliki mjini Lubumbashi

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja wa Lubumbashi aliyenunua nakala ya mchoro maarufu wa René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, iliyochapwa juu ya akriliki, ile plastiki angavu ambayo mafundi wetu huiita pleksi. Majina, mtaa na alama zote za kumtambulisha mtu au duka zimeondolewa. Nilishirikishwa mara mbili: kwenye vipimo na faili kabla ya malipo, kisha tena picha ilipokwisha kuning'inizwa na kuleta shida. Mama ameruhusu kisa chake kisimuliwe, kwa sababu anajua wengine wanaotaka kununua vitu kama hivi na hawana wa kumuuliza.

Nyumba, ukuta na sababu ya kuitaka picha hii

Mama anaendesha nyumba ndogo ya wageni. Wanaolala kwake ni wahandisi wa migodi, wafanyabiashara kutoka Likasi na Kolwezi, na jamaa za watu waliokuja harusini au msibani. Mgeni akitoka barza anaingia moja kwa moja katika salo, yaani sebule. Salo hiyo ina madirisha mawili makubwa yanayotazama kaskazini, na nje yake kuna ua wenye ukuta wa chokaa nyeupe. Mkabala na madirisha kuna ukuta mpana usio na kitu. Huo ndio alioutaka upambwe.

Miaka kadhaa nyuma, alipokwenda Ubelgiji kumwona binti yake anayesoma huko, waliingia Makumbusho ya Magritte mjini Brussels. Alisimama muda mrefu mbele ya L'Empire des lumières, yaani "Himaya ya Mianga". Nusu ya chini ya mchoro ni usiku: nyumba, miti myeusi, taa moja ya barabarani inayowaka. Nusu ya juu ni mchana kamili, anga la buluu na mawingu meupe. Hakuna jini wala mnyama wa ajabu. Kila nusu ni kitu tunachokiona kila siku, na ni kule kukutana kwake ndiko kunakoifanya akili isimame. Kwangu mimi huo ndio usurealisti, ule mtindo wa sanaa unaochanganya vitu halisi kama ndotoni, katika hali yake safi kabisa, na sikushangaa kwamba mtu ambaye hakusomea sanaa aliupenda kuliko michoro mingine yote ya nyumba ile.

Nilipomuuliza kwa nini huo hasa, alijibu: "Wageni wangu bengine banafika usiku, bengine asubuhi. Mutu akiingia saa yoyote, hii picha itamufaa."

Ndugu yake mmoja alimpinga. Alisema mji huu una wachoraji wake, na tangu 1946, Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana ya uchoraji ya Hangar hapa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, wametoka watu kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Sasa kwa nini fedha ziende nje kununua plastiki? Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini chumba cha kulia cha mama kilikuwa tayari na mchoro wa turubai alioununua mkononi mwa mchoraji wa hapa hapa. Alikuwa anaongeza picha moja, na aliyotaka iko kwenye makumbusho ya nchi nyingine. Nakala ndiyo njia pekee.

Picha moja yenye sura nyingi

Duka la kwanza alilolipata mtandaoni lilikuwa na bei nzuri na vipimo vitatu tu: sentimita 60 kwa 40, 90 kwa 60, na 120 kwa 80. Picha ndogo iliyoonyeshwa kwenye simu ilikuwa na nyumba, taa, miti na anga la mchana. Mama aliona ni yenyewe, akakaribia kulipa.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Magritte hakuchora L'Empire des lumières mara moja. Kuanzia 1949 aliirudia kwa rangi za mafuta, na zinahesabiwa 17, mbali na zile za rangi za maji. Ile ya Brussels ni ya 1954, ina kimo cha sentimita 146 na upana wa 114. Iliyopo Venice, kwenye mkusanyiko wa Peggy Guggenheim, ni ya 1953–54 na ni ndefu zaidi: 195.4 kwa 131.2. Ya Museum of Modern Art ya New York, ya 1950, imelala: kimo 78.8, upana 99.1. Nyingine ya 1954 iliuzwa kwa mnada New York mwezi Novemba 2024 kwa zaidi ya dola milioni 121. Jina ni moja, nyumba na miti hubadilika.

Tulifanya hesabu ndogo. Gawanya kimo kwa upana. Ya Brussels inatoa 1.28. Ya Venice inatoa 1.49. Vipimo vyote vitatu vya lile duka vinatoa 1.5. Maana yake ni kwamba picha ya Brussels haiwezi kukaa kwenye ubao wa 120 kwa 80 bila kukatwa: ukiikuza hadi kimo kifike 120, upana unakuwa karibu 94, kwa hiyo sentimita 14 lazima zitupwe pembeni. Na duka lilikuwa linaonyesha picha isiyokatwa. Basi haikuwa ile aliyoiona.

Mama alitoa kwenye kabati kadi ya posta aliyoinunua makumbusho, akailinganisha na simu. Nyumba ilikuwa tofauti. Aliliandikia duka, likajibu kwamba ni "picha ile ile". Aliondoka kwenye duka hilo bila kulipa chochote, na naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Muuzaji asiyejua anauza toleo lipi la mchoro hatajua pia kama rangi zake zimepotoka.

Faili, haki na kipande cha majaribio

Duka la pili lilikuwa Ulaya pia, lakini linachapa kwa kipimo anachotaka mteja. Tulichagua kimo cha sentimita 100 na upana wa 78, uwiano ule ule wa 1.28, kwa hiyo hakuna kitu kilichokatwa.

Magritte alifariki Agosti 1967. Katika Umoja wa Ulaya haki za mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo michoro yake inalindwa huko hadi mwisho wa 2037. Duka linaloichapa kihalali linalipia haki, na kwenye ukurasa wake utaona mstari mdogo unaotaja mwenye haki. La kwanza halikuwa nao. La pili lilikuwa nao. Mbali na suala la uaminifu kwa urithi wa msanii, mstari ule una faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi: anayelipia haki kwa kawaida hupewa faili safi iliyopigwa mbele ya mchoro wenyewe, wakati anayeokota picha mtandaoni anakuza kitu kilichokwisha kubanwa mara kadhaa.

Tuliliuliza duka ukubwa wa faili kwa pikseli, zile nukta ndogo zinazojenga picha. Kwa picha ya kutazamwa kutoka hatua mbili au tatu, pikseli 150 kwa kila inchi zinatosha. Sentimita 100 ni inchi 39.4, kwa hiyo upande mrefu unahitaji pikseli karibu 5,900. Faili lao lilizidi hapo. Lingekuwa na 1,400, kama picha nyingi za kwenye simu, kila inchi ingepata 36 tu, na mwanga laini unaoizunguka taa ungevunjika kuwa ngazi ngazi. Tuliomba pia watutumie kipande cha eneo la taa kwa ukubwa halisi wa kuchapwa. Walikituma, kikatazamwa kwenye kompyuta, kikapita.

Uamuzi uliofanywa bila ukuta kuangaliwa tena

Nakala za akriliki hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuchapa picha kwenye karatasi ya fotografia kisha kuibandika nyuma ya akriliki kwa gundi angavu. Ya pili ni kuchapa wino moja kwa moja mgongoni mwa akriliki na kuufunika kwa tabaka la wino mweupe. Ya kwanza huwa na mabadiliko laini zaidi ya rangi. Ya pili haina gundi ya kuachia kwenye joto la safari. Mama alichagua ya pili, kwenye bamba la milimita 5, lenye matundu manne kwenye pembe kwa ajili ya skrubu za kuishika mbali kidogo na ukuta. Kwa safari ndefu kama hii, naafiki.

Na akriliki yenyewe haikuwa chaguo baya kwa Magritte. Alipaka rangi nyembamba na laini, bila mabonge. Mchoraji wa rangi nzito kama Van Gogh hupoteza mwili wake wote chini ya plastiki. Magritte hapotezi mengi.

Kisha duka likauliza: uso unaong'aa, au uso uliopunguzwa mwako kwa nyongeza ya bei? Mama aliangalia ukuta wake, akachagua unaong'aa. Sababu zake zilikuwa na msingi. Weusi huwa mzito zaidi chini ya uso unaong'aa, na anga huonekana kama lina kina. Pia ilikuwa Januari, mvua ya kila siku, mawingu mazito, mapazia yamefungwa nusu. Ukuta ulikuwa mtulivu kabisa.

Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, nyuzi kama 11.7. Mwezi Desemba na Januari jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, likielekea kidogo kusini, kwa hiyo madirisha ya kaskazini hayapigwi. Ikifika Juni, jua linapita upande wa kaskazini, anga halina wingu, na ua unapokea mwanga wote wa mchana na kuurusha ndani ya salo. Ukuta ulipimwa katika majira yasiyofanana hata kidogo na yale ambayo picha ingeanza kuishi.

Safari ya anga

Bamba la akriliki la kipimo hicho lina uzito wa kilo 4.6 hivi. Kwenye sanduku la mbao, na sponji kila upande, lilifika kilo 12. Lakini mizigo ya ndege hailipiwi kwa uzito peke yake. Sanduku la sentimita 115 kwa 93 kwa 12 ukilizidisha na kugawanya kwa 6,000 unapata 21.4, na hizo ndizo kilo zilizolipiwa. Mama alikuwa ameambiwa mapema, kwa hiyo hakushtuka. Pia alijua kwamba forodha huhesabu ushuru juu ya thamani pamoja na nauli, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 huja juu ya hayo. Mwishoni gharama za kuifikisha zilikaribia bei ya picha yenyewe. Sanduku lilitua Luano, uwanja wetu wa ndege, likiwa zima, na bamba halikuwa na hata mkwaruzo.

Juni

Fundi aliutoboa ukuta, akafunga skrubu, akarudi nyuma kutazama. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nusu ya juu ilikuwa nzuri ajabu. Nusu ya chini ilionyesha madirisha mawili, ukuta wa ua, kamba ya nguo, na fundi mwenyewe amesimama na drili mkononi.

"Mama," alisema, "hii haiko picha, iko kioo."

Maelezo yake ni mepesi. Uso uliosuguliwa wa akriliki hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaoupiga usoni. Penye rangi nyeupe au buluu angavu, picha yenyewe inarudisha mwanga mwingi, na ile asilimia 4 inamezwa. Penye usiku wa Magritte, wino wenyewe unarudisha kidogo mno. Ua uliochomwa na jua una mwanga mara nyingi zaidi kuliko chumba, kwa hiyo hata sehemu yake ndogo inashinda nyumba iliyochorwa. Taa ya barabarani, ambayo ndiyo moyo wa mchoro ule, ilikuwa inaonekana kama doa juu ya dirisha la mtu. Mchana wa kweli ulikuwa umeufuta usiku wa kuchora na kuuacha mchana wa kuchora peke yake, na bila kimojawapo mchoro huu hauna lolote la kusema.

Wageni waliipita bila kuiangalia. Hilo lilimuuma mama kuliko fedha.

Usiku hali ilikuwa nafuu, ila balbu tatu za darini zilikaa juu ya miti kama nyota ambazo hazikuchorwa.

Wiki hizo hizo likatokea la pili. Kijana wa usafi aliona vumbi jekundu la kiangazi limeshika bamba, maana akriliki hujaa umeme tuli na kulivuta vumbi kama sumaku. Akalifuta kwa dawa ya vioo yenye alkoholi, kama alivyozoea kwenye madirisha. Baada ya muda mipasuko midogo kama nywele ilionekana kuzunguka matundu mawili ya pembeni.

Kuhamisha

Mama alitaka kuiuza. Nilimwomba kwanza tujaribu ukuta wa upande wa magharibi wa salo hiyo hiyo, ulio kwenye pembe na madirisha. Jaribio halihitaji kifaa chochote: chukua simu au kompyuta ndogo iliyozimwa, mtu mmoja aibandike ukutani kwa kimo cha picha, mwingine akae kwenye viti vyote kimoja baada ya kingine. Anachokiona kwenye kioo cheusi ndicho akriliki itakachomwonyesha. Kwenye ukuta wa kwanza, kila kiti kiliona dirisha. Kwenye ukuta wa magharibi, viti vingi viliona kabati la mbao la kahawia lililo upande wa pili. Kimoja tu kiliona kipande cha mlango wa barza, na hicho kilisogezwa.

Picha ilihamishwa. Balbu za darini zilizo karibu nayo zilizimwa, ikawekwa taa moja ndogo ya juu, inayomwaga mwanga kwa mshazari wa nyuzi kama 30 kutoka wima, kama wafanyavyo kwenye makumbusho, ili mng'ao wake udondoke sakafuni badala ya machoni. Fundi alipanua matundu ya skrubu kidogo kwa tupa ya mviringo na kuweka pete laini za plastiki, safari hii bila kukaza kwa nguvu.

Sasa nyumba inaonekana, na taa yake. Wageni husimama. Chini yake mama ameweka kibao kidogo alichokiandika mwenyewe: jina la mchoraji, mwaka 1954, kwamba hii ni nakala ya kuchapwa, na kwamba mchoro asili uko Brussels na ni mkubwa zaidi, sentimita 146 kwa 114. Hakuna aliyemlazimisha. Namheshimu kwa kibao kile kuliko kwa ununuzi wenyewe.

Kilichofaa na kilichokwama

Kazi iliyofanywa kabla ya kulipa ilizaa matunda yote yaliyotarajiwa: toleo sahihi, uwiano usiokatwa, faili lenye pikseli za kutosha, haki zilizolipiwa, gharama za usafiri zilizojulikana. Yote hayo yanahusu picha. Hakuna hata moja linalohusu chumba, na chumba ndicho kilichoshindwa. Duka lilijibu kila swali kwa uaminifu lakini halikuuliza picha inakwenda kukabili nini. Kwa mchoro ambao nusu yake ni giza, swali hilo lilipaswa kuja kabla ya kipimo.

Je, uso uliopunguzwa mwako ungeokoa ukuta wa kwanza? Kwa sehemu. Uso huo hautoi sura ya dirisha, bali huisambaza ikawa ukungu mweupe, na weusi wa Magritte ungekuwa kijivu mchana kutwa. Ungekuwa bora kuliko kioo, lakini mbaya kuliko kuhamia ukuta wa pembeni, ambao haukugharimu zaidi ya kazi ya fundi ya nusu siku na taa moja. Ukuta mkabala na dirisha ungefaa zaidi kwa turubai, na kweli hapo sasa umehamia ule mchoro wa mchoraji wa hapa kutoka chumba cha kulia. Rangi yake ya mafuta inaonekana kutoka kila kiti, hata saa sita mchana ya Julai. Ndugu mtu amefurahi.

Kuhusu mipasuko, visababishi ni viwili vilivyokutana. Akriliki hutanuka karibu milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kati ya alfajiri ya Julai, ambapo hapa kwetu joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mchana wa Oktoba unaopita 30, bamba la mita moja hucheza milimita moja na nusu hivi. Skrubu zilizokazwa kwenye matundu yanayobana hazikuacha nafasi hiyo, kwa hiyo kingo za matundu zilikuwa tayari na mkazo ndani yake. Alkoholi ikaingia kwenye kingo zile zile, na plastiki iliyo na mkazo hupasuka ikiguswa nayo. Kimojawapo peke yake huenda kisingeonekana kwa miaka.

Mipasuko hiyo haitibiki, ila haijaendelea tangu skrubu zilipolegezwa. Vichwa vipana zaidi vya skrubu vimefunika mingi yake. Kijana wa usafi hakufokewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kile si kioo cha dirisha. Sasa anapuliza vumbi kwanza, kisha anapitisha kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, bila kusugua, kwani vumbi la Lubumbashi likisuguliwa kavu juu ya plastiki huacha mikwaruzo ambayo taa ya mshazari itaionyesha yote.